Juisi ya machungwa

Barazani kwetu Ngamiani, Tanga, kahawa ikishamiminwa, kesi ya mtu yeyote duniani husikilizwa na kuhukumiwa kabla kashata haijaisha. Juzi ilikuwa zamu ya polisi wa Marekani na watu weusi. Mzee mmoja ninayemheshimu sana akakata shauri: "Wangetii tu, wasingeguswa." Wengi wakaitikia. Mimi nikamkumbuka mama.

Mama ana sukari. Ikipanda tunahangaika, lakini ikishuka ndiyo roho yangu huruka: jasho linamtiririka, macho yanapotea, maneno yanateleza, anaweza kukufokea au kuanza kwenda asikokujua. Asiyemfahamu atasema kalewa. Ukimwahi na glasi ya maji ya sukari, muda si mrefu anakuuliza, "Mbona mmenizunguka?"

Novemba 1984, mjini Charlotte, Marekani, Dethorne Graham, mtu mweusi mwenye kisukari, alihisi inashuka. Akamwomba rafiki yake ampeleke dukani akanunue juisi ya machungwa. Kufika, foleni ndefu. Akatoka mbio, akarudi garini, waende kwa rafiki mwingine. Askari aliyemwona anaingia na kutoka upesi akashuku, akawafuata, akawasimamisha. Graham akashuka, akalizunguka gari mara mbili, akaketi kando ya barabara, akazimia kidogo. Askari wengine wakafika, wakamtia pingu. Rafiki yake anaeleza ni sukari. Askari mmoja anasema huyu ni pombe tu. Kuna mtu akaleta hiyo juisi yenyewe. Wakakataa asipewe. Ilipojulikana kwamba dukani hakukutokea chochote wakamrudisha nyumbani, mguu umevunjika.

Sasa mzee wangu, hapo angetii nini?

Kesi yake ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1989 ikazaa kipimo kinachotumika mpaka leo: nguvu ya polisi ipimwe kwa macho ya askari mwenye busara aliyekuwepo pale pale, si kwa ujuzi wa baadaye. Siidharau hoja hiyo. Askari ana sekunde mbili, hakimu ana miezi. Ila macho ya aliyeketi chini hayaulizwi chochote, wala haiulizwi macho ya askari yamezoea kumwona nani kama mwizi.

Mei 2020 George Floyd, mtu mweusi, alipofia mikononi mwa polisi Minneapolis, taarifa yao ya kwanza ilisema alionekana ana tatizo la kiafya. Ni simu ya binti wa miaka 17 iliyoonyesha goti shingoni kwa zaidi ya dakika 9. Derek Chauvin, askari mwenye goti lile, alifungwa miaka 22 na nusu, na wapo wanaoshangaa kwa nini imani kwa polisi haikurudi. Irudi vipi, wakati kila mtu anajiuliza ni taarifa ngapi za namna ile zilipita kwa kuwa hapakuwa na simu?

Sisi watu wa mwambao tungepaswa kulielewa hili upesi. Wajerumani walipomnyonga Abushiri, aliyeongoza upinzani wa pwani dhidi yao, pale Pangani, Desemba 1889, jeshi lao lilikuwa na askari Wasudani walioletwa kutoka Misri, na wengine kutoka Msumbiji. Wakatuachia na msamiati: hamsa ishirini, yaani viboko 25. Bibi yangu hakuwahi kuchapwa hata kimoja, lakini neno "askari" lilitosha kutunyamazisha watoto wote uani.

Na yule yule mzee wa "wangetii tu", mwaka jana aliibiwa baiskeli. Nikamwambia twende nikusindikize kituoni. Akanitazama kama mtoto. "Mwanangu, wataanza kuniuliza mimi nilikuwa natoka wapi." Baiskeli ikaenda hivyo.

Mama siku hizi anatembea na glukosi kwenye mkoba. Jana nimemwekea na kikaratasi, herufi kubwa: NINA KISUKARI, SIJALEWA.