Ree Kafia Mikononi Mwangu

Kuna watu mnapoteza hela kwa heshima. Mtu anabeti mechi saba, sita zinakubali, ya saba kipa anadaka mpira halafu anauachia mwenyewe, mkeka unachanika dakika ya 90. Asubuhi ukifika kijiweni Mwanga, hapa Kigoma, unapewa pole na kila mtu, maana nusu yao wamechaniwa na kipa huyo huyo. Mnamtukana kwa pamoja, mnanunuliana kahawa, msiba umekwisha.

Mimi nimeliwa na Mbrazili kwenye karata za mtandaoni. Simjui, hanijui, na kwenye picha yake kaweka paka aliyevaa miwani. Nimtukane kwa lugha gani? Kiha nimejaribu. Pembeni ya meza kuna mahali pa kuandikiana, nikamwandikia maneno ambayo bibi yangu akiyasikia atanikana mbele ya wazee. Akanijibu kwa kidole gumba kilichosimama, kama vile nimemtakia Idi njema.

Nazungumzia poka ya kwenye simu. Msinitolee macho, hii ni poka ya wanyonge, meza za senti moja na mbili za dola. Unaingia na dola mbili, yaani kama shilingi elfu tano. Na nani kanifundisha? Ziwa. Mwaka 2024 walipofunga uvuvi Tanganyika kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, mfanyabiashara wa dagaa ungetaka nifanye nini, nihesabu magunia matupu? Ziwa likafunguliwa, sawa, lakini mbalamwezi ipo kila mwezi, na mwezi ukishang'aa ziwa zima taa za wavuvi hazina cha kuvuta. Mitumbwi inalala Kibirizi, dagaa wanatamba huko chini, mimi nimebaki macho na bando la usiku. Kwa hiyo tukianza kutafuta mchawi, tuanzie juu.

Mchezo wenyewe hauna uchawi. Unapewa karata mbili za siri. Katikati ya meza zinafunuliwa tano za wote: tatu kwa mpigo, kisha moja, kisha ya mwisho, hiyo ya mwisho wenyewe wanaiita riva, yaani mto. Katika hizo saba unapanga tano zako nzuri kuliko zote. (Niliwahi kueleza kijiweni kwamba nimeuawa kwenye riva, mmoja akaniuliza, "Malagarasi? Mamba?" Tangu siku hiyo nimenyamaza.) Karata nzuri kabisa za kuanzia ni ree mbili, zile zenye A, na haziji hovyo: kwa wastani ni mara moja katika kugawiwa mara 221. Yaani unakaa. Saba na mbili, unatupa. Tisa na tatu, unatupa. Mama Zai anageukia ukutani, anavuta shuka lote. Jogoo wa jirani anajaribu sauti kabla ya wakati. Unatupa, unatupa, mpaka unajiona kama mfagizi wa soko.

Ndipo zikaja. Ree ya kopa, ree ya shupaza.

Mbrazili kaweka, nikaongeza, kafuata. Zikafunuliwa mbili, sita, saba. Kisha tatu. Kila moja ya aina yake, takataka tupu, hakuna cha kumtia mtu hofu. Nikasukuma hela zote katikati. Paka yule hata hakufikiri, kalipa pale pale, karata zikafunuliwa: ana jozi ya tisa.

Sasa twende taratibu, maana hapa ndipo watu hawanielewi. Karata zilizobaki ambazo hazijaonekana ni 44. Za kumwokoa ni zile tisa mbili zilizobaki tu, ili awe nazo tatu. Katika kila mara 22 yeye anashinda mara moja, mimi 21. Mwambie mvuvi yeyote wa Katonga kwamba katika safari 22 atarudi na mtumbwi umejaa safari 21, kesho yake anauza shamba la michikichi anunue injini.

Ikaja tisa ya uru.

Najua mtasema ndio mchezo. Watu wanaosema ndio mchezo ni wale ambao haijawafikia. Ningecheza ovyo ningelala fofofo, lakini mimi nilikuwa sahihi! Kuna programu ya kukokotoa, niliijaza zile karata zote, ikaniambia kabla ya ile tisa nilikuwa na asilimia 95 na nusu hivi. Shule ya msingi ukipata 95 unaitwa mbele ya wazazi, unapewa madaftari, unapigiwa makofi ya kilo. Mimi nimepewa sifuri na kidole gumba.

Na mwenye meza? Huyo hajui msiba. Nikishinda mimi anachukua kipande chake kwenye fungu, akishinda paka anachukua kipande chake. Hata ushuru wa mwaloni mtu unapewa risiti.

Aliyetuponza wote ni yule mhasibu wa Tennessee, Chris Moneymaker. Mwaka 2003 kaingia shindano dogo la intaneti kwa dola 86, kajishindia nafasi kwenye mashindano ya dunia Las Vegas, katoka huko na dola milioni 2.5. Tangu hapo kila mwenye simu anajiona yuko njiani kwenda Las Vegas, na mimi niko njiani tangu Ujiji. Lakini angalieni jina la mtu: Moneymaker, mtengeneza hela, na ni la ukoo wake kabisa, hakujipa. Mimi babu yangu aliniita jina la mwaka wa njaa. Hapo tumeanza sawa?

Wataalamu wanashauri ukipigwa namna hiyo ufunge simu, unywe maji, utembee kidogo. Ushauri mzuri, ila hawakusema ufanyeje ukiwa umeshapiga ukelele. Nyumba yangu na ya mzee jirani zinagawana ukuta mmoja, na ukuta wenyewe fundi aliuishia njiani, juu kuko wazi. Saa nane usiku, mtaa mzima kimya, mimi nikalia: "Ree! Jamani, Ree kafia mikononi mwangu!"

Hodi ikapigwa kabla sijafika kwenye mtungi. Mzee wa watu kasimama mlangoni, kanzu kaigeuza nje ndani, tasbihi mkononi, macho yamelowa.

"Baba Zai, nimesikia. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Ree ni yule binamu yako Rehema, wa Uvinza?"

Ningejibu nini? Huyu mzee kila Ijumaa akinikuta barazani ananipa mawaidha ya kamari. Nimwambie aliyefariki ni karata? Shikamoo yenyewe ilinikwama kooni. Nikainamisha kichwa. Sikusema ndiyo. Hilo naomba likumbukwe siku yoyote litakapoulizwa: sikusema ndiyo.

"Aliugua?"

"Alikuwa imara mpaka dakika ya mwisho, mzee. Ya mwisho ndiyo iliyommaliza."

"Siku ikifika imefika, mwanangu."

"Mara moja katika 22, mzee."

Akaniangalia kwa huruma, akadhani nimechanganyikiwa kwa uchungu. Na kweli nilikuwa nimechanganyikiwa kwa uchungu, hapo hapakuwa na uongo.

Kulipokucha mkeka ukatandikwa chini ya mwembe, mkeka wa ukindu huu, hauchaniki. Wanawake wakamjia Mama Zai na khanga zao wamejifunika. Mama Zai juzi tu kaongea na Rehema kwenye simu, dakika nyingi, kwa salio langu. Nikamwona ananitazama lile jicho lake, midomo inataka kufunguka. Kumbe mkononi kashakabidhiwa sukari, mchele na chupa ya mawese. Midomo ikafunga. Baadaye nikamsikia jikoni anawaambia wenzake, "Alikuwa mcheshi sana yule."

Kijiwe kizima kikaja kutoka Mwanga. Hata yule wa mamba. Nikapewa pole, nikashikwa bega, nikanunuliwa kahawa, mtu mmoja akanishauri nilie tu, mwanamume kulia si aibu. Nikalia. Nililia ree zangu zote mbili, kopa na shupaza, mpaka nikasikia nafuu ya kweli.

Mchana mzee akaja na daftari, majina yote kayaandika, akanikabidhi bahasha ya rambirambi: elfu thelathini na nne na mia tano. Fungu zima, na hakuna aliyekata kipande. Nililishika kwa mikono miwili nikawa naangalia juu ya mwembe, nikingojea kitu kidondoke.

Kikadondoka kwenye simu. Habari za kifo hazisubiri treni.

"Binamu," sauti ya Rehema hiyo, nzima kama kengele, "nasikia nimekufa."

Nikaanza kumweleza. Ree, kopa, Mbrazili, paka, karata 44, tisa mbili, asilimia 95. Kanisikiliza mpaka mwisho, katika ukoo mzima hajawahi kutokea mtu wa kunisikiliza namna ile. Nilipomaliza akauliza swali moja.

"Wamechanga ngapi?"

Nikamwambia.

"Nataka nusu."

Nusu! Hata wale wa mtandaoni, wezi kiasi gani, hawajawahi kukata nusu ya fungu! Nikamwambia kwa upole kwamba kwa sheria ya dini na ya nchi, marehemu hana mgao. Akasema sawa, hana ugomvi, ila nimwambie Mama Zai aongeze mchele, maana yeye anapanda basi la mchana huu huu aje kusoma hitima yake mwenyewe.