Magoti Yalijipiga Yenyewe

Kwa kuwa rafiki yangu wa idara ya uhasibu amekwisha kusambaza habari hii katika kundi letu la wakimbiaji kwa namna aliyoipenda yeye, na kwa kuwa tangu jana usiku ninapokea pongezi za watu wanaoamini kwamba nilimpigia magoti meneja mpya mbele ya kikao kizima ili anipandishe cheo, naona ni haki yangu kueleza kilichotokea kabla mapaja hayajapoa. Magoti yalipigwa, hilo sikatai. Ninachokataa ni kwamba niliyapiga mimi.

Mnaonifuata hapa mnajua kwamba zimebaki wiki 4 kabla ya marathoni yangu ya kwanza, kwa sababu nimewachosha na habari hizo kila siku. Kwa miezi mitatu nilikuwa mtu wa utaratibu: kazini kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, mbio fupi jioni, mbio ndefu kila Jumamosi, na baada ya mbio ndefu kujilaza sakafuni hadi jua lizame. Kisha zamu zikabadilishwa, nami nikaangukia ile ya saa saba mchana hadi saa nne usiku, Jumamosi ikiwemo. Mwenye busara angehamishia mbio ndefu kwenye siku yake mpya ya mapumziko. Mimi nilifungua jedwali langu lenye rangi nne, nikaziacha mbio palepale Jumamosi, nikaiandika kazi chini yake, nikalitazama kwa muda na kujipongeza. Kwa kweli lilipendeza. Lilikuwa na nafasi ya kukimbia na nafasi ya kufanya kazi. Nafasi ya kuwa binadamu kati ya hayo mawili ndiyo niliyoisahau.

Jana ilikuwa zamu ya kilomita 32, mbio ndefu kuliko zote kabla ya kuanza kupunguza mazoezi. Nilikusudia kuanza saa kumi na moja alfajiri, lakini mtu aliyetoka kazini saa nne usiku na kupata usingizi saa saba haamshwi na kengele ya simu. Huizima na kuendelea na ndoto. Nikaanza saa mbili na nusu, na kwa mwendo wangu wa dakika sita na nusu kwa kilomita nikamaliza saa sita kasoro dakika mbili. (Kwa mnaopenda kulinganisha: mwaka 2019 mjini Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, akiwa na kundi la wakimbiaji wa kumshikia mwendo na kumkinga upepo. Mimi nilikuwa na upepo peke yake.)

Baada ya mbio za namna hiyo mwili huomba kutembezwa polepole, kunyweshwa, kulishwa na kulazwa. Wa kwangu uliogeshwa kwa dakika nne, ukavalishwa shati, ukaketishwa garini nusu saa, kisha ukafikishwa kazini na kuketishwa tena.

Kikao chenyewe kilikuwa cha kumkaribisha meneja mpya, yuleyule aliyezipanga zamu hizo. Nilikuwa nimeketi mwisho wa meza kwenye kiti chenye magurudumu, na kwa dakika arobaini sikutikisika. Meneja akaingia, akasimama hatua moja kutoka nilipo, na mwenyekiti akatuomba sote tusimame.

Watu wapatao ishirini walisimama. Mimi nilituma amri, ikashuka hadi kiunoni, ikapokelewa vizuri na kukataliwa. Nikaituma tena kwa msisitizo. Hapo nikahisi kitu kikigonga taratibu ndani ya shavu la mguu wa kulia, kama mgeni mstaarabu mlangoni, na kabla sijauliza ni nani, shavu zima lilijikunja likawa ngumi na vidole vya mguu vikajipinda ndani ya kiatu. Najua dawa yake. Nimewaandikia humu zaidi ya mara moja: nyoosha mguu, vuta vidole kuelekea kwako. Nikaunyoosha. Msuli wa nyuma ya paja la kushoto, ulipoona mwenzake anahudumiwa, ukakaza na wenyewe. Nikaishika meza kwa mikono miwili ili nijiinue, na kiti, ambacho ndicho pekee kilichokuwa na magurudumu yanayofanya kazi mwilini mwangu, kikaondoka kurudi nyuma bila haraka. Kwa sekunde kadhaa nilikuwa daraja, mikono mezani na makalio yakimsindikiza msafiri. Kisha daraja likakatika. Goti la kulia lilitangulia, la kushoto likafuata, viganja vikakutana kifuani vikiwa vimebana karatasi ya ajenda, uso ukaelekea juu, na machozi, ambayo ni ya maumivu na yana mashahidi, yakaanza kutiririka.

Nikasema, "Tafadhali."

Sentensi kamili ilikuwa "tafadhali nivuteni vidole vya mguu." Pumzi iliishia neno la kwanza.

Meneja aliniinamia, akanishika bega na kusema kwa upole ambao sitausahau: "Inuka, ndugu yangu. Suala lako tutalizungumza."

Nikainuliwa na wahasibu wawili, mmoja kila kwapa. Wapenzi wa historia watamkumbuka Dorando Pietri, Mwitaliano aliyeanguka mara kadhaa uwanjani katika marathoni ya Olimpiki ya London mwaka 1908, akasaidiwa kuvuka mstari, na kwa msaada huo akanyang'anywa ushindi. Yeye angalau Malkia Alexandra alimpa kikombe. Mimi nilipewa kiti kingine, kisicho na magurudumu.

Yaliyofuata ni machache: kikao kiliendelea, nilijibu kila swali nikiwa nimeketi, nikatoka wa mwisho na kushuka ngazi kinyumenyume, kwa sababu hiyo ndiyo namna pekee ambayo mapaja yalikubali. Rafiki yangu alikuwa amesimama chini akinirekodi. Video anayo; nimeambiwa bei yake ni mimi kumbebea maji mbio ndefu ijayo.

Kinachoniuma ni kwamba ombi nilikuwa nalo kweli. Wiki nzima nilikuwa nimeandaa barua fupi, yenye heshima, ya kuomba Jumamosi nibadilishiwe zamu hadi marathoni ipite. Barua bado ipo mkobani, na sasa kila nikiitazama namwona meneja akiipokea, akitikisa kichwa kwa huruma, na kunisogezea kiti kabla sijashuka tena.