Watu 1,524 na Majina Wanayoitwa

Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilikuwa ya kwanza barani Afrika kuwahesabu watu waliozaliwa na maumbile yasiyoangukia moja kwa moja upande wa kike wala wa kiume. Walipatikana 1,524 katika taifa la watu 47,564,296, yaani mmoja katika kila watu 31,000 hivi. Umoja wa Mataifa hukadiria kuwa watu hawa ni kati ya asilimia 0.05 na 1.7 ya wanadamu wote. Basi hata tukishika kiwango cha chini kabisa, Kenya ilipaswa kuwapata zaidi ya 23,000.

Makadirio hayo yanabishaniwa, na wengine hawajijui hadi wanapobaleghe. Hata hivyo, pengo hilo ni kubwa mno kuelezwa kwa sababu hizo peke yake. Maswali ya sensa hujibiwa na mkuu wa kaya, pengine uani, majirani wakisikia, na mzazi anayeulizwa hapo hana jina la kumtajia mwanawe lisilomtia aibu. Mtaani mtoto huyo ni jikedume, ni nusu-nusu, au ni "kile", kana kwamba ni chombo. Ajabu ni kwamba Kiswahili hakimdai mtu jinsia yake kabla ya kumpa hadhi ya mtu: anakuja, analia, anacheza, awe nani. Ni sisi tunaomvua hadhi hiyo mara tu tunapotilia shaka umbile lake, kisha tukamkopea maneno ya zizini.

Wapo wanaosema kwamba huku ni kuhangaikia maneno ilhali tatizo ni sheria na tiba, na hoja yao ina uzito. Tanzania ililiacha neno zeruzeru ikashika "mtu mwenye ualbino", lakini mapanga hayakusita kwa sababu ya jina jipya. Tena huntha, jina jingine la watu hawa ambalo leo hurushwa kama tusi, ni neno la kale la fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, na wanazuoni walilitumia kumpangia mtu huyo fungu lake la mirathi na safu yake ya sala. Neno lililompa mtu haki halistahili kufukuzwa. (Binafsi naliona bora kuliko "jinsia mbili", linalowafanya watu waamini kuwa kila mmoja wao ana maumbile mawili kamili.)

Lakini sheria yenyewe huanzia kwenye maandishi. Mwaka 2009 mtoto alizaliwa katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na penye nafasi ya jinsia hati zake zikaandikwa alama ya kuuliza. Alama hiyo ndiyo iliyomfikisha Mahakama Kuu, ambako Jaji Isaac Lenaola alitoa uamuzi mwezi Desemba 2014. Miaka minne kabla yake, mfungwa mwenye maumbile kama hayo katika gereza la Kamiti, aliyekuwa amevuliwa nguo na kufanywa kichekesho alipewa fidia ya shilingi 500,000 kwa kudhalilishwa, ingawa mahakama ilikataa kuitambua jinsia ya tatu. Sheria ya Watoto ya 2022 sasa inawataja watoto hawa waziwazi. Kinachobaki ni karani wa sensa ijayo apewe swali ambalo mama anaweza kulijibu kwa sauti yake ya kawaida, mlango ukiwa wazi.