Mgonjwa wa kisukari anaambiwa na picha ya jani

Jumapili nilikuwa kwa mama mkubwa. Kisukari anacho mwaka wa tisa sasa, na presha juu yake. Akamimina chai, akavuta mfuko alioletewa na binamu yangu kutoka Marekani, akatia vijiko vinne. Nikamwambia, "Mama, taratibu." Akanijibu, "Aa, mwanangu, hii si sukari. Haya ni majani, hayana neno."

Nikaugeuza mfuko. Mbele kuna jani la stevia, mmea wenye majani matamu, kubwa, la kijani. Nyuma, kwa herufi ndogo kama sisimizi, kiungo cha kwanza ni erithritoli, kitamu kingine kinachotumika badala ya sukari, na viungo huandikwa kwa kuanza na kilicho kingi. Stevia ina utamu mara 200 hadi 300 ya sukari, hivyo inatiwa chembe tu. Kinachojaza kijiko ni hiyo erithritoli, inayotengenezwa kwa kuchachusha glukosi, mara nyingi ya mahindi. Mama mkubwa macho yamepungua na Kiingereza hasomi. Kliniki walimwambia atumie "sukari ya wagonjwa", basi. Hakuna aliyemuuliza ipi.

Hapo ndipo panaponiuma. Mwaka 2023 Stanley Hazen na wenzake wa hospitali ya Cleveland Clinic, Ohio, Marekani, walichapisha utafiti wa erithritoli katika jarida la Nature Medicine. Wengi wa waliopimwa walikuwa watu wa aina ya mama mkubwa, wenye moyo wa kutiliwa shaka tayari. Katika miaka mitatu, wenye erithritoli nyingi kwenye damu ndio waliopatwa zaidi na mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo. Kisha watu 8 wenye afya wakanyweshwa gramu 30. Kiwango kwenye damu kikapanda mara 1,000 na zaidi, na kwa zaidi ya siku mbili kikabaki juu ya kile ambacho maabara ilionyesha kinaharakisha damu kuganda. Mama mkubwa anakunywa chai asubuhi, alasiri na usiku. Damu yake inapumzika lini?

Haya, mwili nao hujitengenezea erithritoli kidogo, na utafiti ule haukuthibitisha kwamba unga ndio ulioua. Wala sisemi arudi kwenye sukari ya kawaida, hiyo madhara yake kwake tunayajua. Kule Ufaransa nako, watu zaidi ya 100,000 walifuatiliwa, na mwaka 2022 aspatamu, kitamu kingine cha kutengenezwa, ikaonekana kuambatana na kiharusi. Shirika la Afya Duniani lilipotoa ushauri Mei 2023 watu wasitegemee vitamu kama aspatamu na stevia kupunguza uzito, wenye kisukari waliwekwa kando. Yaani wanaovitumia kila siku ndio ushauri haukuwagusa!

Tumekubaliana kijiko kimoja, chai ya asubuhi tu. Alhamisi ana kliniki. Namsindikiza, na mfuko tunao mkononi, daktari ausome mbele yetu.