Kumwapisha hakusaidii

Mwandishi wa makala kuhusu vijana wanaojikata mwilini kwa makusudi anashauri mzazi amwapishe kijana wake kwamba hatajikata tena. Hapo sikubaliani naye hata kidogo. Akiteleza, na wengi huteleza kabla ya kuacha, atakuficha tu: nguo za mikono mirefu kwenye joto, mlango umefungwa kwa ndani. Wengi hujiumiza ili kutuliza maumivu ya moyoni, si kwa kutaka kuonekana. Hamu ya kujikata hupanda kisha hushuka, kwa hiyo swali kama "Nikae na wewe kidogo?" linafaa kuliko kiapo. Na kumkagua mwili kama polisi, jamani, acheni. Muulizeni waziwazi kama anawaza kufa; swali halimtii wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo.