Gintama haikuharibika mwishoni
Mwandishi wa makala, hapo uliposema Gintama, ile katuni ya Kijapani ya vichekesho, ilipoteza ladha ilipoanza kuwa siriasi mi sikubaliani kabisa. Katuni imeanza 2006 na miaka yote hiyo Shogun Shigeshige, yaani mtawala wa nchi, kazi yake kutuvunja mbavu tu, kila akijichanganya na raia lazima aishie kubaki na chupi, sasa umeshamzoea hivyo halafu mwishoni mwa 2015 wanaanza ile stori ya kuuawa kwake, mtu anakufa kwa sumu amelalia mapaja ya mdogo wake Soyo, aisee nililia sana. Angekuwa mfalme wa kawaida asiye na vituko isingeuma vile, vichekesho ndo vilimfanya awe wetu. Na Gintoki, mhusika mkuu, je? Yule mvivu anayedaiwa kodi kila siku, ukishaona alivyomkata kichwa mwalimu wake Shoyo ili wanafunzi wenzake Takasugi na Katsura wapone, machozi yanamtoka, unarudi kuangalia episodi za mwanzo unamwona mtu mwingine kabisa. Nachokubali ni kwamba vita ya mwisho waliivuta mno hadi kuja kumalizia kwa muvi 2021. Ila Sorachi, mtunzi wa Gintama, apewe maua yake bwana.