Rambirambi za Hakone

Kwa kuwa mtani wangu Mnyamwezi amekwisha kusambaza ujumbe wa sauti wa dakika nne na sekunde kumi na mbili, na kwa kuwa ujumbe huo umefika hadi kundi la ukoo ambamo mama mkwe wangu naye yumo, nimeona ni haki yangu kueleza mwenyewe yaliyotokea juzi usiku kule Hakone, huku Japani. Mengi aliyoyasema ni kweli, na hilo ndilo linaloniuma. Lakini si kweli kwamba nilikimbia ukumbini nikiwa uchi huku nikimwita bibi yangu. Bibi nilimwita mapema zaidi, tena mahali pengine, na ukumbini sikukimbia hata hatua moja. Nilisimama palepale, na ndiyo maana kila mtu aliona.

Wafuasi wa siku nyingi mnajua kwamba tuko Japani kwa mafunzo ya wiki sita. Mtani alinishawishi tuunganishe posho zetu tukalale usiku mmoja katika ryokan, yaani nyumba ya wageni ya kijadi, yenye mabafu ya maji moto ya chemchemi na sauna ya watu wenye uwezo. Bei siitaji, kwa sababu mke wangu husoma hapa.

Siku yenyewe niliianza kwa kiburi cha uhai. Kabla ya kufika tulipolala, tulipanda kibanda kinachoning'inia kwenye waya hadi Owakudani, bonde linalofuka moshi wenye harufu ya salfa, ambako mayai huchemshwa katika maji ya chemchemi mpaka maganda yakawa meusi kama makaa. Wenyeji husema yai moja huongeza miaka saba ya kuishi. Nilikula mawili, nikamtangazia mtani kwamba nimekwisha kujiwekea akiba ya miaka 14 na kwamba nitamzika yeye, nile na ubani wake. Mayai hayo myakumbuke.

Kwenye ryokan tulivua viatu mlangoni, tukavaa ndara, kisha tukavua na ndara zenyewe kabla ya kukanyaga mikeka ya tatami. Chumbani kila mmoja alikuta yukata yake imekunjwa vizuri: vazi jepesi la pamba lenye mikono mipana, mkanda wake wa kitambaa juu yake, na pembeni karatasi yenye michoro minne inayoonyesha namna ya kulivaa. Mtani aliisoma karatasi ile mara mbili akifuata kwa kidole. Mimi nilimcheka. Mtu wa Kisarawe aliyeanza kufunga msuli kabla hajang'oka meno ya utoto hafundishwi na katuni jinsi ya kujifunga nguo kiunoni.

Sasa kuhusu bafu. Humo mtu haingii na nguo yoyote, hata kaptura ya kuogelea hairuhusiwi. Unapewa kitaulo chembamba kinachotosha kusitiri nusu ya aibu, wewe uchague nusu gani, na kitaulo hicho nacho ni mwiko kukiingiza majini. Nimelelewa kujisitiri hata mbele ya kioo, kwa hiyo niliomba twende saa nne usiku, nikiamini wazee watakuwa wamelala. Wazee watatu walikuwa majini, wametulia, kila mmoja kaweka kitaulo chake kichwani kikiwa kimekunjwa kama kilemba. Nilitembea ubavuubavu kama kaa wa Kigamboni, nikakaa kwenye kigoda kifupi na kujisugua kwa sabuni, maana huwezi kuingia katika maji ya watu na jasho lako. Mpaka hapo, ndugu zangu, nilikuwa sijakosea kitu.

Kosa lilianzia kwenye sauna, na chanzo chake ni ujuba wa pwani. Ni chumba cha mbao chenye ngazi tatu za kukalia, na kipimajoto kilichokuwa mlangoni kilisoma nyuzi 92. Ukutani palikuwa na saa ya ajabu isiyosema saa ngapi: mshale wake huzunguka mara moja kwa dakika 12, basi. Mtani alikaa chini kabisa karibu na mlango, na baada ya dakika nne akainuka.

"Mtani, mimi ni mtu wa Tabora," alisema. "Sina ugomvi na joto. Nakungoja nje."

Nilimwambia aende salama. Mimi nimepanda daladala la Mbagala saa saba mchana mwezi wa Februari, dirisha limegoma kufunguka na kondakta bado anaita abiria. Nyuzi 92 zitaniambia nini? Nilipanda ngazi ya juu, nikakaa kando ya mzee mmoja mwembamba, umri wa babu yangu, ambaye kama ingekuwa nyumbani ningempa shikamoo. Nilimwinamishia kichwa naye akaniinamishia. Kisha, bila yeye kujua kwamba tunashindana, nikaapa kuwa sitatoka kabla yake.

Kufikia dakika ya tisa, kila nikivuta pumzi ilikuwa kama nimefunua sufuria la pilau na kuinamisha uso ndani. Masikio yalichoma. Nilijaribu kusoma dua, nikagundua kwamba nimesahau katikati. Mzee alikuwa amefumba macho kama abiria wa treni anayejua kituo chake bado kiko mbali. Mshale ulipomaliza mzunguko alisimama, akakunja mkeka wake mdogo wa kukalia, akaniinamia tena na kutoka, ngozi yake ikiwa kavu kuliko yangu ninavyotoka msikitini. Nilihesabu hadi ishirini kwa ajili ya heshima ya taifa, kisha nikatoka nikipapasa ukuta.

Nje ya mlango lilikuwepo dimbwi dogo la maji ya baridi. Kibao kiliandika nyuzi 16, lakini mimi nilisoma baadaye. Nilijitumbukiza mzima mzima, na ndipo nilipomwita bibi yangu mzaa mama, aliyefariki mwaka 2009, kwa sauti ambayo kwetu hutumika wakati wa moto. Vilemba vitatu viligeuka pamoja. Kimoja kilianguka majini, na nimekwisha kuwaeleza kwamba huo ni mwiko.

Wajapani wana neno lao, totonou, kwa ule utulivu unaomjia mtu baada ya joto kali na baridi kali, yaani mwili na akili kukaa sawa. Mimi nilikaa, lakini si sawa. Katika chumba cha kubadilishia nguo sakafu ilikuwa ikipanda na kushuka kama boti ya Zanzibar wakati wa kusi. Nilichukua yukata kutoka kwenye kikapu, nikaivaa, nikaufunika upande wa kushoto kwa upande wa kulia, nikauzungusha ukingo na kuukunjia kiunoni kama msuli, nikaupigapiga kuhakikisha umekaza. Ule mkanda wa kitambaa sikuona kazi yake. Niliuvaa shingoni kama skafu ya shabiki wa mpira. Chupi ilibaki kikapuni. Nasema ilibaki, sisemi niliiacha, kwa sababu wakati huo sikuwa mtu wa kuamua mambo.

Nje ya bafu kuna ukumbi mdogo wa kupumzikia wenye jokofu la maziwa ya kahawa ya chupa na meza ya mpira wa meza, maana watu wa huku hupenda kucheza mchezo huo wakishaoga. Mzee na mkewe, wote wamevaa yukata zao nadhifu, walikuwa wakirushiana kampira taratibu. Mtani alikuwa amekaa kwenye kiti cha mianzi, chupa ya maziwa mdomoni. Nilipotokea, yule bibi aliukosa mpira.

Hapa naomba twende polepole, kwa sababu mtani katika ujumbe wake amepita haraka ili afike pale anapopapenda.

Mpira uligonga sakafu, ko, ukagonga tena, ko, kisha ukaanza kuviringika kuja upande wangu. Wakati huohuo alitokea mhudumu mmoja mtu mzima, kimono ya kijivu, kabeba sinia lenye vikombe. Aliniona kifua, akasimama. Aliweka sinia chini, akaja kwa hatua fupifupi, akasema "sumimasen", yaani samahani, kwa sauti ya mtu anayemwamsha mgonjwa, akaonyesha kola yangu kwa vidole viwili. Nilidhani anasifia nilivyovaa. Nikatanua kifua, nikamwambia "arigato", yaani asante. Akatikisa kichwa kwa upole, akavusha mkono wake wa kushoto juu ya wa kulia mbele ya kifua, kunionyesha. Nikadhani ni salamu ya kwao. Nami nikavusha mikono yangu, nikainama.

Mpira ukafika, ukagusa dole gumba langu la mguu, ukatulia.

Mama yule alitazama kushoto, akatazama kulia, akanong'ona neno la kuomba radhi, kisha kwa ncha za vidole, kama mtu anayefunua kawa asije akamwaga uji, akainua ukingo wa yukata yangu ili auhamishe. Yeye alijua kwamba ndani yake kuna mkanda unaoshika kila kitu, kwa sababu katika vazi lile huwa kuna mkanda. Mkanda ulikuwa shingoni. Kilichokuwa kikishika kila kitu ni lile kunjo la kiunoni, na kunjo la msuli, kama mnavyojua nyote mliowahi kuchezewa shere utotoni, haliombi nafasi ya pili. Nililisikia likiachia. Nilihisi hewa kwenye goti, kisha kwenye paja, kisha mahali ambapo tangu nitahiriwe hewa ya ukumbini haijawahi kufika. Mikono yangu ilikuwa bado imevushwa kifuani, nimeinama, natabasamu.

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa Kariakoo kungekuwa na kelele, na kelele zinamsaidia mtu, anajua aelekee wapi. Pale palikuwa kimya, nikasikia jokofu likiunguruma. Bibi wa mpira aligeuka akaanza kuisoma kwa makini mno bei ya maziwa. Mzee wake, Mungu amzidishie umri, alipiga hatua mbili mbele, akainama, akanipa raketi yake kwa mikono miwili. Niliipokea kwa mikono miwili pia, kwa adabu, jambo lililochelewesha matumizi yake. Raketi ya mpira wa meza ni ndogo kuliko inavyoonekana kwenye televisheni.

Ndipo maziwa ya kahawa yalipomtoka mtani puani.

Mhudumu hakucheka wala hakutazama. Macho yake yakiwa kwenye dari, aliivuta yukata, akaweka kulia ndani na kushoto juu, akautoa mkanda shingoni mwangu, akanizungushia kiunoni mara mbili, akafunga fundo, akalipapasa kama mama anayempeleka mtoto madrasa, akainama, akachukua sinia lake na kuondoka. Vikombe havikugongana.

Maana ya yote hayo aliipata mtani kwenye simu yake, na hakusubiri tufike chumbani kunisomea. Huku walio hai hufunika kushoto juu ya kulia. Desturi hiyo inahesabiwa kutoka amri ya mwaka 719, na mimi ndiye niliyekuja kuirekebisha. Kulia juu ya kushoto huvalishwa maiti. Kumbe mama wa watu alikuwa hajashangazwa na msuli. Alikuwa ameona maiti imetoka bafuni, inatabasamu, imevaa skafu, akajitahidi kuirudisha duniani kabla wageni wengine hawajaiona.

Sasa ninyi mnaojua utani wa Wazaramo na Wanyamwezi mnaelewa hatari niliyokuwamo. Mtani ana haki zake msibani. Ilikuwa saa tano usiku kwetu, saa kumi na moja jioni Dar es Salaam, watu wote wako kwenye foleni na simu mkononi. Kabla sijapata usingizi alikuwa ametangaza msiba, ametaja sababu ya kifo kuwa ni ushindani, ametoa namba yake ya simu kwa ajili ya michango na kueleza kwamba marehemu ameacha raketi moja. Mama mkwe alituma elfu tano bila kusikiliza ujumbe hadi mwisho, kisha akapiga.

"Baba, u mzima?"

"Mzima, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nguo umevaa?"

Asubuhi mhudumu yuleyule aliniletea bahasha ya karatasi nyeupe kwenye sinia dogo, akanikabidhi kwa mikono miwili. Ndani ilikuwamo chupi yangu, imekunjwa kona kwa kona vizuri kuliko yukata ilivyokuwa. Tulilipa, tukaondoka, mzee wa raketi alinipungia mkono.

Michango hadi jana imefika shilingi 38,000. Nilipomtaka mtani anikabidhi, aliniuliza ni lini marehemu alionekana akipokea rambirambi zake mwenyewe. Njiani tulipopita tena Owakudani alijikopesha kutoka kwenye mfuko wa msiba, akanunua mayai meusi, akayala yote mbele yangu akihesabu kwa sauti, saba, kumi na nne, ishirini na moja.